Je, Bahari Yetu Imekuwa Tindikali?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mama yangu huokota chaza na tondo hapa Msangamkuu kila bamvua. Mwaka huu analalamika kwamba chaza ni wachache na maganda yao ni mepesi. Mdogo wangu naye kasikia redioni kuwa bahari inageuka tindikali, sasa anaogopa hata kuoga. Ni kweli?
Msomaji, Msangamkuu, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Mdogo wako akaoge, maji hayatamchoma. Kwenye kipimo cha pH, 7 ndiyo katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni upande wa magadi. Bahari kuu kwa wastani ina 8.1 hivi. Kabla viwanda havijaanza kuchoma makaa ya mawe ilikuwa karibu 8.2.

Utasema tofauti ni ndogo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, maana kipimo hiki hakihesabu kama rula: kila namba moja ni mara kumi. Kushuka kwa 0.1 tu ni sawa na kuongeza chembe za haidrojeni, zile zinazoleta utindikali, kwa zaidi ya robo. Huongezeka pale kaboni dayoksaidi, ile gesi ya moshi wa makaa na mafuta, inapoyeyuka katika maji ya bahari. Takribani robo ya ile tunayoitoa kila mwaka huishia baharini.

Mimi nimekulia Mikindani, na bibi yangu alichoma matumbawe apate chokaa. Jiwe lile na ganda la chaza ni kitu kimoja, kalisi kabonati. Kalisi baharini ni tele. Inayopungua ni kabonati, kwa sababu haidrojeni huiwahi kabla chaza hajaitumia. Anayeumia kwanza ni mtoto wa chaza, yule anayejenga ganda lake la kwanza katika siku mbili tatu za mwanzo, angali anaelea, hajashika mwamba wala mzizi wa mkoko. Nilipokuwa nafundisha, nilikamulia ndimu juu ya ganda, wanafunzi wakaona povu. Jaribio zuri, lakini ndimu ina pH ya 2 hivi, na bahari haiendi huko. Haiyeyushi ganda la chaza mkubwa mbele ya macho yako. Inamfanya mdogo ajenge kwa taabu.

Hata hivyo, mama asikimbilie kulaumu moshi wa nchi za mbali. Aanze na mwamba wake. Siku hizi wanaokota wangapi pale? Wanang'oa na wadogo? Mikoko ya jirani ipo? Masika yalikuwa makubwa? Maji ya mvua yakijaa ufukweni hupunguza chumvi, na hiyo kabonati hupungua pamoja nayo. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu nimeona matumbawe hai yakivunjwa kwa mtaimbo na kupelekwa tanurini, na jambo hilo tunalifanya sisi wenyewe. Tena akiona matumbawe yamekuwa meupe yangali yamesimama, mara nyingi huko ni kuugua joto, kama ilivyotokea pwani yetu mwaka 1998. Ni ugonjwa mwingine.

Bamvua lijalo mama achague miamba miwili inayofanana, ahesabu chaza wa kila mmoja. Mmoja aendelee kuuokota, mwingine awaombe wenzake wasiuguse kwa miezi sita. Kisha ahesabu tena, uniletee namba zote nne.