Jibu kuhusu jiwe la mizunguko la Changamwe: andika maelezo kwanza, jina litafuata

Ndugu mwenye uzi, umeuliza mambo mawili: jiwe lenye mizunguko alilolitoa shemeji yako kwenye msingi wa nyumba kule Changamwe ni amonaiti (mnyama wa bahari wa kale, jamaa wa pweza, mwenye gamba lililojiviringisha) wa spishi gani, na maelezo yake yaandikwe vipi ili wataalamu wayakubali. Naanza na la pili, maana ukitanguliza jina, macho yataona kile unachotaka yaone.

Mahali mlipolipata panatia moyo sana. Kisiwa cha Mombasa chenyewe ni mawe ya matumbawe ya juzijuzi kwa hesabu za jiolojia, na amonaiti walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo mzunguko wowote uliogandia kwenye ukuta wa Mji wa Kale ni konokono wa baharini. Ukivuka kwenda Changamwe na Miritini mambo hubadilika: chini pana tope la bahari ya Jurasiki lililogeuka mwamba wa tabaka nyembamba, umri wake ni kama miaka milioni 150, na ndani yake mna madonge magumu. Hayo madonge ndiyo yanayohifadhi amonaiti vizuri, kwa sababu yaliganda mapema kabla tope la juu halijawakandamiza. Mwambie shemeji aandike leo, kabla hajasahau, shimo lilifika kina gani na jiwe lilitoka ndani ya donge au kwenye tope lenyewe. Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, kisichojulikana tabaka lake hupoteza nusu ya thamani yake kwa sayansi, hata kiwe kizuri namna gani.

Mwalimu wangu wa jiolojia alinipa kipande cha Miritini nikifanyie maelezo, na hapo ndipo nilipojifunza kazi hii. Kipande kilikuwa umbo la ndani: tope lilijaa ndani ya gamba, likawa jiwe, kisha gamba lenyewe likayeyuka. Vingi vya kwetu viko hivyo. Faida yake ni kwamba unaiona mishono, yaani mistari ambapo kuta za vyumba zilishikana na gamba. Hasara ni kwamba mbavu, yaani matuta yanayokata mzunguko, huonekana hafifu kuliko zilivyokuwa juu ya gamba, kwa hiyo usilinganishe umbo la ndani na picha ya kielelezo chenye gamba ukasema mbavu zimepungua.

Mishono hiyo ndiyo pia inayokuthibitishia kwamba ni amonaiti. Kwa nautilasi, jamaa yake anayeishi baharini hadi leo, mshono hupinda kwa upole tu na mrija unaounganisha vyumba hupita katikati au karibu na katikati ya kila ukuta. Kwa amonaiti mshono una matawi na vijitawi, na mrija umekaa kwenye ukingo wa nje. Pale mishono inapokoma ndipo chumba alimoishi mnyama kinapoanzia. Itazame ile ya mwisho: ikiwa imesogeleana kuliko ya nyuma yake, mnyama alikuwa amekomaa. Hili lina uzito mkubwa, kwa sababu amonaiti wengi walikuwa na maumbo mawili ya waliokomaa, kubwa na dogo, na dogo mara nyingi huwa na masikio mawili mdomoni. Zamani maumbo hayo yalipewa majina tofauti kana kwamba ni spishi mbili.

Vipimo ni vinne: kipenyo, upana wa kitovu (shimo la katikati ya mizunguko), kimo cha mzunguko na unene wake. Kipande changu kilikuwa na kipenyo cha milimita 92, kitovu 41, kimo 29, unene 27. Kitovu kikigawanywa kwa kipenyo unapata asilimia 45, maana yake mizunguko imefunikana kidogo tu na ya ndani yote inaonekana. Rudia vipimo kwenye kipenyo kidogo pia, maana amonaiti hubadilika umbo anapokua, na namba moja haitoshi. Jiwe likiwa limebonyea, liandike kuwa limebonyea.

Sasa mbavu, na hapa usiwe na haraka. Safisha kwa sindano na maji, usitumie asidi. Lipige mwanga wa tochi kutoka ubavuni, kivuli kiingie kati ya mbavu. Kwenye kipande changu kila ubavu ulitoka ukingoni mwa kitovu ukiwa mmoja, ukalala mbele kidogo, ukafika karibu theluthi mbili za kimo, ukapasuka kuwa miwili. Ile miwili ilivuka ukingo wa nje moja kwa moja bila kukatika. Hapakuwa na vinundu, wala mkuku kama wa jahazi. Mahali fulani palikuwa na mfereji mpana uliobana mzunguko mzima. Mkusanyiko huo wa sifa ndio ulionipeleka kwenye familia ya Perisphinctidae. Kingekuwa kinene, mbavu hakuna na vinundu viwili viwili ubavuni, ningeelekea kwa Aspidoceras, jenasi nyingine ya amonaiti.

Kutoka familia hadi spishi ni safari nyingine. Amonaiti wa Mombasa waliandikwa na mwanajiolojia Mjerumani Beyrich mwaka 1877 kutokana na vielelezo vilivyokusanywa na msafiri Hildebrandt, na mtaalamu wa amonaiti L. F. Spath akawaandika tena mwaka 1930. Linganisha na hao, na pia na wa Madagaska na wa Kachchh, India, huko huko kwenye asili ya familia nyingi za Wahindi wa hapa Mombasa. Wakati ule Madagaska na India, zikiwa bado zimeshikamana, zilikuwa ndiyo kwanza zinaachana na Afrika, na mnyama mmoja aliweza kuogelea mwambao wote. Picha za Ulaya peke yake zitakupotosha.

Kipande changu kiliishia kuandikwa "Perisphinctidae, jenasi haijatambuliwa", kwa sababu mizunguko ya ndani ililiwa na chumvi na mdomo haukuwepo. Naona hilo ni jibu la heshima. Kisukuku kikifanana na spishi bila uhakika unaweka "cf." mbele ya jina la spishi, kikiwa karibu nayo lakini kina tofauti unazoweza kuzitaja, "aff.". Spishi mpya inahitaji kielelezo mama, yaani kile kinachobeba jina la spishi, kilichohifadhiwa mahali watu wengine wanaweza kukifikia, haihitaji kabati la nyumbani.

Kuhusu kabati: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda visukuku. Msiuze, msikitoe nje ya nchi. Kitoleeni taarifa Makumbusho ya Taifa. Ofisi za Fort Jesus mnazifahamu.

Weka hapa picha tatu zenye rula: ya ubavuni, ya ukingo wa nje, na ya mahali mzunguko ulipovunjika. Ile ya tatu watu huisahau, na ndiyo itakayotuonyesha unene na mrija.