Je, mtu wa mbali anaweza kutuzimia mtambo wa umeme?

SWALI: Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha chai hapa Mufindi. Tuna mtambo wetu mdogo wa kufua umeme kwa maji, kilowati 300. Aliyetuuzia yuko nje ya nchi, na ndani ya paneli aliacha modemu yenye laini ya simu ili likitokea tatizo aingie mwenyewe kurekebisha. Bosi amesikia habari za wadukuzi, sasa anataka tununue antivairasi ya kompyuta zote. Kweli mtu anaweza kutuzimia mtambo akiwa huko aliko? Na tununue ipi?

JIBU: Kamwene fundi, na poleni na ukungu.

Anaweza. Ila antivairasi tuiweke kando kwanza, maana PLC yako, kile kikompyuta cha ndani ya paneli kinachoamuru vali za maji na breka (swichi kubwa inayounganisha umeme na mzigo), huwezi kuiwekea antivairasi. Kilichonikaa kichwani ni hiyo modemu.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja cha huku nyanda za juu kwa shida nyingine kabisa. Kufungua paneli nikaona taa ya modemu inapepesa, na hakuna fundi wa muuzaji aliyekuwa kazini siku hiyo. Nikamuuliza mwendeshaji inaongea na nani. Akanijibu, “Hiyo huwa inawaka tu.” Neno la siri lilikuwa kwenye stika, lilelile lililokuja na modemu.

Basi anza na laini. Laini ya kawaida ya simu kwa kawaida hukaa nyuma ya anwani ya mtandao wanayochangia wateja wengi, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kuifikia moja kwa moja kupitia intaneti. Wauzaji wengi hawaitaki hiyo. Huomba laini yenye anwani ya kudumu iliyo wazi. Kama yenu ni ya namna hiyo, mlango uko barabarani. Usijidanganye kwamba hakuna anayeijua Mufindi. Kuna programu zinazopita anwani moja baada ya nyingine usiku kucha, kama mwizi anayejaribu vitasa vya mtaa mzima bila kujua nani analala ndani.

Na zikikuta kitasa kimelegea, kilichobaki ni rahisi. Mitambo mingi inazungumza Modbus, lugha ya mwaka 1979, enzi mashine zilipounganishwa kwa waya ndani ya jengo moja. Yenyewe haijui kuuliza “wewe nani?” Ukiiambia fungua vali, inafungua. Novemba 2023 mamlaka ya maji ya Aliquippa, Pennsylvania, Marekani, iliingiliwa kwenye PLC ya aina ambayo hutoka kiwandani na neno la siri 1111. Mafundi wake wakalazimika kuendesha pampu kwa mkono.

Dawa yangu ni ya bei ndogo: wekeni swichi ya ufunguo kwenye umeme wa modemu. Muuzaji akitaka kuingia, apige simu, aseme anakwenda kufanya nini, zamu iandike kwenye daftari, ndipo ufunguo uzungushwe. Akimaliza, zima. Atalalamika kidogo, mwache alalamike. Neno la siri libadilishwe, na anwani ya wazi irudishwe kwa kampuni ya simu. Aingie kwa VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti inayomtaka ajitambulishe kwanza.

La pili ni kompyuta ya chumba cha mitambo. Je, ndiyo hiyohiyo mnayosomea barua pepe? Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015, waendeshaji walikaa wakitazama kipanya kinatembea chenyewe kwenye skrini, kinazima swichi moja baada ya nyingine. Wateja kama 225,000 wakaingia gizani. Wadukuzi walikuwa wameanzia ofisini, kwa faili lililoambatishwa kwenye barua pepe, miezi kadhaa nyuma. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari wakaenda vituoni kuwasha kwa mkono. Ninyi mnaweza? Jaribuni siku moja kiwanda kikiwa hakina majani.

Ninyi wa maji mna jambo lenu pia. Breka ikifunguka mtambo ukiwa na mzigo, mtambo unaanza kukimbia. Ukikata maji haraka mno, mshindo wake unaweza kupasua bomba. Kwa hiyo kinga ya mwendokasi iwe na kihisi chake na waya wake hadi kwenye vali, bila kupitia PLC, na kasi ya kufunga vali idhibitiwe na tundu la mafuta ya haidroli, isiwe namba ambayo mtu anaweza kuibadilisha kwenye skrini.

Nakala ya programu ya PLC iwekwe kwenye flashi, kabatini, chini ya kufuli. Radi za huko kwenu zimeua PLC nyingi kuliko mdukuzi yeyote, na nakala ni hiyohiyo. Mkiingiliwa kweli, chomoeni waya wa mtandao, msifute kitu, mtoe taarifa polisi na TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandao kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Sasa antivairasi ya bosi. Kompyuta za ofisini zenye Windows inayopata masasisho, ile inayokuja nayo inatosha. Ya chumba cha mitambo kama bado ni Windows 7, ilishaachwa tangu Januari 2020. Iondoeni kwenye intaneti kabisa. Hela ya leseni nunueni swichi ya ufunguo na faiwoli ndogo, kifaa cha kuchuja mawasiliano ya mtandao, ya kutenga ofisi na mtambo.

Ukishafungua paneli nitumie picha ya modemu, ila funika hiyo stika kwanza.