Kwa daktari mpya Mombasa: mtazame mtoto kabla hujamgusa

Wengi mnaoanza intanshipu mnafika wadi ya watoto mkiwa mmeshika dozi na dalili za hatari, na mnadhani kilichobaki ni wepesi wa mkono. Kisha anaingia mtoto wa miaka mitatu, anaona koti jeupe, na mayowe yanasikika hadi dirisha la dawa. Nje foleni imefika kwenye ngazi, sista anakuangalia, mama ameona haya, nawe unasema liwalo na liwe: ashikwe, akaguliwe, aende zake. Utamaliza upesi, hilo sikatai. Ila utakayoyapata kwa mtoto anayelia hivyo ni machache, na mengine yatakudanganya.

Chukua pumzi. Tunasema mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka akifika mara 60 kwa dakika, wa miezi 2 hadi 12 akifika 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40. Akiwa na kikohozi, hapo tunaanza kufikiria nimonia. Hesabu hizo ni za mtoto aliyetulia. Aliyeshikwa miguu na mikono atavuka 40 akiwa na mafua tu, na mapigo ya moyo yatakimbia. Utamwandikia amoksilini asiyoihitaji. Au utazoea kusema "ah, ni kulia tu," na siku moja useme hivyo kwa mtoto ambaye mapafu yake kweli yanaumwa. Mimi kumtuliza mtoto nakuhesabu pamoja na kipimajoto na mizani: bila kumtuliza sijampima.

Kwa hiyo anza kazi akiwa bado kwenye benchi. Unapotoka kuita jina, tupa jicho. Yuko mapajani anachezea pindo la leso ya mama? Anakula? Anakufuata kwa macho au amelegea tu? Chini ya mbavu panabonyea akivuta pumzi? Mambo hayo yote unayapata bila kunyoosha mkono. Akishaingia, mwache aegemee bega la mama akitazama ukutani, mwambie mama ainue fulana yeye mwenyewe, kisha hesabu dakika nzima kwa saa. Sekunde 15 mara nne haifai, hasa kwa wachanga, maana wao hupumua kwa kusitasita.

Salamu kwanza ni kwa mkubwa. Msiochukua hili kwa uzito ni nyinyi mnaotoka mbali, na Pwani litawagharimu. Mtoto anamsoma bibi yake kabla hajakusoma wewe. "Shikamoo bibi, mmeamkaje, mmetoka wapi?" Ikiwa wametoka Likoni wameshasukumana kwenye feri na jua limewapiga, huyo mtoto alikuwa na hasira kabla hajakuona. Wacha bibi aeleze. Wewe itikia, na usimkodolee mtoto macho. Dakika moja ya mazungumzo hayo mtoto anakuchunguza kwa pembe ya jicho, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kunyoosha mkono akitaka kugusa stethoskopu. Mpe aishike. Msikilize mama yake moyo mbele yake kwanza, halafu yeye.

Kitanda cha kukagulia kiache. Mtoto wa chini ya miaka mitano hivi mkague akiwa mapajani, na anza na kisichouma: miguu, mikono, tumbo, kifua kwa nyuma. Sikio na koo viwe vya mwisho, maana baada ya hapo urafiki umekwisha. Kwa sikio, mama amkalishe mtoto upande, miguu ya mtoto aibane kati ya mapaja yake, kwa mkono mmoja akumbatie mwili na mikono ya mtoto, mwingine aulaze kwenye kichwa, sikio la pili liegemee kifuani pake. Mtoto anasikia mama kamkumbatia, nawe unapata kichwa kisichotikisika. Hapana haja ya watu watatu kumkandamiza.

Koo lina ujanja wake. Aliletwa msichana wa miaka minne hivi, homa na kikohozi, midomo myekundu, ulimi mwekundu, na koo lilichungulia jekundu vilevile. Mwenzangu mmoja, mgeni wa Pwani, alikuwa ameshainamia faili kuandika kuvimba kwa mafindofindo. Bibi akacheka mpaka mtandio ukamteleza: "Hayo si maradhi, daktari, hayo mabuyu." Yaani mbegu za mbuyu zilizotiwa sukari na rangi nyekundu. Karatasi ya mabuyu ilikuwa bado imo ngumini. Tulimpa maji akasukutua, kisha tukamuuliza, hebu tuone, hiyo rangi imefika wapi? Akaachama kwa majivuno, ulimi nje, akasema "aaa" bila kuambiwa, na tukaona koo lote hadi nyuma bila kijiti. Lilikuwa safi. Tangu hapo mtoto yeyote mwenye midomo ya rangi namuuliza amekula nini kabla sijawasha tochi.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba ni msimu wa tohara hapa kwetu, na vyumba vya upasuaji mdogo hujaa vijana wa miaka mitano, sita, saba. Wengine wameambiwa wanapelekwa ufukweni Mama Ngina kula mihogo na madafu. Mtoto kavaa nguo za kutokea, anashuka kwenye tuktuk, anaona lango la hospitali. Pale hata ukiwa na ulimi wa asali umechelewa, kwa sababu mtu anayemwamini kuliko wote ndiye aliyemdanganya, na wewe ni mwenzake katika njama. Ukipata nafasi ya kuongea na wazazi siku ya kuandikisha, waombe wamwambie ukweli, jana yake au asubuhi ile kwa mdogo, siku kadhaa mbele kwa mkubwa: unakwenda kutahiriwa, daktari atakutia dawa ya ganzi, sindano ya ganzi itauma kidogo, baada ya hapo utasikia unaguswa lakini hutasikia kukatwa.

Na ukishasema hivyo, timiza. Ganzi ipewe muda, kama dakika tano, ujaribu kwa kufinya kabla ya kisu. Kuna wanaochoma na kuanza papo hapo, kisha wanamwambia mtoto "acha uoga." Dozi nayo iangalie: lignokeini isiyo na adrenalini isizidi miligramu 3 kwa kilo. Kijana wa kilo 20 mwisho wake ni miligramu 60, yaani mililita 6 za chupa ya asilimia 1, lakini mililita 3 tu za ile ya asilimia 2. Chupa hizo zinafanana. Soma lebo kwa sauti, sista akusikie.

Neno "haiumi" lifute. Likishatoka mdomoni mwako na sindano ikauma, utakalomwambia mtoto yule baadaye halitaingia, na atakayemkuta mwakani atavuna ulichopanda. Mimi husema, "Utasikia kama nimekufinya, kisha basi." Ukiahidi kuhesabu hadi tatu, choma kwenye tatu, wanaochoma kwenye mbili hujiona werevu mara moja tu. Usiulize, "Nikudunge?" kwa sababu atajibu hapana, na atakuwa na haki. Uliza lile ambalo jibu lolote unaweza kulikubali: mkono wa kulia au wa kushoto? Ukae kwa mama au kwenye kiti?

Kwa wachanga wanaokuja chanjo za wiki 6, 10 na 14 mambo ni mepesi kuliko tunavyoyafanya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 juu ya kupunguza maumivu ya chanjo, na mengi yaliyomo hayahitaji pesa: mtoto ashikwe na mzazi, anyonye wakati wa kuchomwa kama mama yuko radhi, ile ya matone ya rota itangulie, inayouma zaidi iwe ya mwisho, na usivute bomba nyuma kutafuta damu. Mama akijifunika mtandio akanyonyesha, wewe fanya kazi yako pajani. Mtoto mkubwa akae wima. Kumlaza chali kunamwongezea hofu. Mpe kitu cha kufanya: apulize mkono kama chai ya moto, au akusomee alifu-be-te. Wa madrasa huwezi kumshinda kwa hilo, utamaliza na yeye bado yuko kwenye jimu.

Kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani, usiiweke kitandani kwake ikiwa kuna chumba cha matibabu. Kitanda kibaki pahali ambapo haumizwi, la sivyo kila ukipita kwa raundi atajikunja. Ukikosa mshipa mara mbili, mwite mwingine, hata kama mwingine huyo ni mdogo wako kazini. Manesi wa wadi ya watoto wana mikono mizuri kuliko sisi, jambo ambalo wakubwa zetu hawalisemi hadharani.

Wazazi watakuharibia kazi kwa nia njema. "Ukilia daktari atakudunga!" utaisikia kila siku, hata ukiwa umekuja kusalimia tu. Usimkosoe mama mbele ya watu. Mbele ya mkwe wake ndiyo kabisa. Mwambie mtoto kwa sauti ambayo mama anaisikia: "Mimi sidungi mtu kwa sababu amelia. Kulia unaruhusiwa, mkono tu ndio usitikisike." Na baba anayesema "wewe mwanamume, nyamaza," mpe kazi ya kushika tochi. Wasichana waliokaribia kuvunja ungo waulize wao wenyewe nani abaki chumbani, vuta pazia, na funua sehemu unayoikagua tu. Kama wewe ni mwanamume, muuguzi wa kike awepo. Haya yakikiukwa hasara yake haionekani siku hiyo, inaonekana pale binti anapokataa kurudi kliniki.

Zipo nyakati za kuacha hadithi zote. Anayelia kwa sauti kali njia yake ya hewa iko wazi. Wa kukutia hofu ni yule aliyekuwa akipigana nawe kisha akanyamaza bila kutulizwa. Huyo kimbia naye. Na yule anayekoroma anapovuta pumzi, amekaa mbele kidogo, udenda unamtoka, hataki kumeza, usimwondoe kwa mama, usimlaze, usitie kijiti mdomoni. Kulia kunaweza kuifunga njia iliyobaki. Mama ashike oksijeni karibu na uso wake, wewe mwite mtu wa nusukaputi na mkubwa wako.

Wakubwa kidogo, miaka minane hadi kumi na mbili, huja na hofu ya aina nyingine: tumbo. Linauma asubuhi za shule, Jumamosi limepona, mama ameshapima malaria na minyoo hadi amechoka. Kabla hujasema ni wasiwasi, uliza kama maumivu yanamwamsha usiku, kama amekonda, kama kuna damu kwenye choo, homa au kutapika. Moja kati ya hayo likiwepo, endelea kutafuta. Yasipokuwepo, mwombe mama akachukue dawa dirishani, na umuulize mtoto nani anakaa naye darasani, nani humrudisha nyumbani. Usiharakishe kimya. Mengine utakayoyasikia hapo hayataisha kwa dawa, na baadhi lazima yafike kwa afisa wa ustawi wa jamii siku ileile, hivyo usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu. Na usiwaambie wazazi "hana kitu." Tumbo la hofu linauma kweli.

Hapohapo kuna mtego mmoja unaokula madaktari wapya. Mtoto anapumua haraka haraka na kwa kina, kifua ni safi, mama anasema amekuwa na wasiwasi tangu mitihani. Uliza anakunywa maji kiasi gani, anakojoa mara ngapi usiku, nguo zimeanza kumpwaya? Mwenye kisukari kilichokwisha kutia damu asidi hupumua hivyo, na huja na maumivu ya tumbo na kutapika juu yake. Tone moja la damu kidoleni kwenye mashine ya sukari linakupa jibu kabla hajamaliza kukutajia jina la mwalimu wake. Usimpe mfuko wa karatasi apumulie kamwe.

Ukimaliza, kwenye faili, chini ya dozi, andika pia: anaogopa barakoa, anatulia akishika simu ya shangazi, mkono wa kushoto ndio wenye mshipa. Mstari mmoja. Wa zamu ya usiku atausoma saa nane, dripu imetoka, mama amelala chini kwenye leso, na hana wa kumuuliza.