Dada, usisaini hiyo barua ya uratibu

Nimesoma swali lako na damu imenichemka. Uko zamu kwenye kikosi cha zimamoto, unaendesha pampu, mtihani wa usimamizi wa kikosi uko mbele yako, halafu wanakuita makao makuu ukawe mratibu wa masuala ya wanawake, kazi ya mezani. Umeuliza ukubali au ukatae, ujiandae vipi kwa usaili, usome kozi gani na nyumbani uwaambieje. Najibu la kwanza, maana ukikosea hapo hayo mengine hayatakusaidia kitu.

Usikubali cheo kinachokutoa zamu. Mimi nilikubali, na gharama yake bado naibeba.

Aliyenishawishi alikuwa ofisa mkubwa. Alinikalisha chini akaniambia, "Wewe ndiye sauti ya wenzako, wa kwenda kwenye moto wapo wengi." Nikikumbuka maneno yale hasira inanipanda upya, kwa sababu kanuni za kupandisha vyeo alizijua kuliko mtu yeyote pale. Alijua kwamba upande wa operesheni hupandi bila matukio ya karibuni kwenye rekodi yako, bila kuwahi kukaimu usimamizi wa zamu, na vyeti vya kutumia mtungi wa hewa ya kupumulia ndani ya moshi vikiwa vimepitwa na wakati. Hakunitajia hata kimoja. Nikakaa ofisini, vyeti vikaisha muda kimoja baada ya kingine, nafasi za kukaimu zikaenda kwa waliobaki kituoni. Nilipoomba cheo nikajibiwa kwamba sina uzoefu wa karibuni wa kuongoza watu kwenye tukio. Barua ya kunikatalia ilikuwa na sahihi yake yeye yule! Mtu anakuvua viatu, kisha anakulaumu kwa kutembea pekupeku.

Ningekuwa nimewafaa wenzangu, ningenyamaza. Lakini tazama suala la mavazi, ambalo najua nawe linakuuma. Koti lililokatwa kwa mwili wa mwanaume, ukinyanyua mkono kushika ngazi, mkono wake unapanda juu, na ngozi ya kifundo cha mkono inabaki wazi kati ya koti na glavu. Glavu nayo ikizidi ukubwa, ncha zake zinabaki tupu bila kidole ndani: unabonyeza kitufe cha redio hukihisi, unataka kuunga mpira wa maji inabidi uivue. Na tangu 2022 IARC, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), imeiweka kazi yetu ya zimamoto kwenye kundi la kwanza, la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ule mwanya wa kifundoni ndipo moto unapoingia, na masizi pia.

Niliyaandika hayo yote kwenye ripoti, nikaomba saizi za wanawake. Walinipongeza, wakapiga picha na mimi. Ila bajeti haikuwa yangu, wala fomu ya ukaguzi wa vifaa haikuwa yangu. Aliyeiamsha ofisi ya ugavi ni msimamizi wa zamu, mwanamke aliyekuwa amekataa kiti kilekile nilichokikalia. Alikagua vifaa vya watu wake, akaandika kwamba koti la askari wake mmoja halifai kuingia nalo ndani ya jengo linaloungua, akaweka sahihi, na kikosi chake kikahesabiwa pungufu. Ugavi walimpigia simu kabla zamu haijaisha. Pungufu ya askari ni jambo wanalolazimika kulijibu papo hapo. Ripoti yangu walikuwa na uhuru wa kuiweka kabatini.

Na wakikwambia huwezi kuwatetea wanawake huku unakimbizana na king'ora, waambie wamsome Brenda Berkman wa New York. Wanawake waliruhusiwa kufanya mtihani wa zimamoto wa jiji lile mwaka 1977, na kwenye jaribio la nguvu hakupita hata mmoja. Berkman akaenda mahakamani akisema jaribio lile halipimi kazi yenyewe. Akashinda 1982, na wanawake wapatao 40 wakaingia kazini mwaka huohuo, yeye akiwamo. Walijaribu kumwondoa mwishoni mwa muda wa majaribio, mahakama ikamrudisha. Alianzisha chama cha wanawake wazimamoto huku akiwa kituoni, akapanda mpaka kapteni. Dany Cotton naye aliingia zimamoto ya London mwaka 1988 akiwa na miaka 18, akapita vyeo vya operesheni, na mwaka 2017 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza. Kamanda wa namna hiyo akiongea habari za mavazi, hakuna wa kumuuliza anajua nini kuhusu moto.

Sisemi dawati hilo lifungwe. Linahitajika sana, hasa kwa malalamiko ya unyanyasaji, ambayo askari mgeni hawezi kumpelekea msimamizi anayemnyanyasa. Lakini wape sharti: ulifanye ukiwa bado zamu, au kwa muda maalumu wenye tarehe ya kurudi, vyeti vyako vikihuishwa kwa gharama yao na zamu za kukaimu zikiendelea kuhesabiwa. Liandikwe kwenye barua hiyohiyo ya uteuzi. Wakisema "tutaliangalia baadaye", wameshakujibu.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria usaili, fungua hiyo barua utafute kipengele cha kurudi kituoni. Kama kipo, kinakili hapa neno kwa neno, ukifuta jina lako na la kituo, tukisome pamoja. Na huo mtihani wa usimamizi ni lini? Usiniambie umeshaahirisha.