Maelezo ya babu ni chanzo cha aina gani?

SWALI: Shikamoo, Mkutubi. Ninasomea ukutubi na taaluma ya habari. Nimeandika insha kuhusu uundaji wa majahazi kisiwani kwetu, nikategemea ensaiklopidia ya mtandaoni, kitabu kimoja cha historia ya pwani na maelezo ya babu yangu, fundi wa majahazi huko Matondoni. Mhadhiri amenirudishia kazi kwa kuwa nimeviorodhesha vyanzo vyote pamoja bila kuvitenga, na mwenzangu anashikilia kwamba maneno ya mzee hayahesabiwi kwa kuwa hayakuandikwa. Je, ni kweli?
Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako amesema kweli, lakini mwenzako amekosea, na kosa lake lafaa kusahihishwa mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi wetu wa bahari haijapata kuandikwa popote.

Wakutubi hutenga vyanzo vya habari katika madaraja matatu. Chanzo cha msingi hutoka kwa aliyetenda au aliyeshuhudia jambo. Cha pili, kama kitabu chako, hulifafanua jambo hilo kwa kutegemea vyanzo vya msingi. Na cha tatu, kama vile ensaiklopidia, kamusi au bibliografia, hukusanya na kufupisha yaliyokwisha kuandikwa. Ensaiklopidia isome mwanzo ili ikuonyeshe njia, ila usiifanye shahidi.

Babu yako anapochutama ubavuni mwa jahazi, akasokota pamba iliyolowekwa mafuta, akaishindilia katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, kisha akakueleza anavyotambua kwamba kalafati imeshika, yeye ni chanzo cha msingi kamili, na sijui kitabu kitakachomshinda katika hilo. Lakini akikusimulia habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ambacho hakisafiri tena katika bahari yetu, huna budi kumwuliza kwa adabu: “Babu, hili uliliona mwenyewe au uliambiwa?” Akiwa aliambiwa, anachokupa ni mapokeo, nayo yana thamani yake, ila yaandikwe kuwa ni mapokeo.

Daraja la chanzo, basi, hubadilika kwa swali unalokiuliza. Tazama Habari za Pate, zinazosimulia utawala wa Manabahani, ukoo uliotawala kisiwa cha Pate, tangu mwanzoni mwa karne ya 13, ilhali nakala tunazozijua ziliandikwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa anayetafuta matukio ya karne ya 13, hiyo ni kauli iliyopita midomo mingi, nayo yataka kupimwa kwa ushahidi mwingine. Kwa anayetaka kujua jinsi watu wa zama za uandishi huo walivyoutazama ukoo wa watawala wao, ni chanzo cha msingi.

Rudi Matondoni, umwombe babu ruhusa ya kumrekodi. Andika jina lake, mahali, tarehe na miaka aliyoifanya kazi hiyo, na maneno ya ufundi, kama tezo, mkuku na mataruma, uyaache vile vile anavyoyatamka. Akiridhia, nakala ya sauti ikabidhi maktaba ya chuo, maana simu hupotea. Na kabla hujaaga, mwulize lile swali la mtepe.