Mwanangu anaimba Kihispania, nisaini?

SWALI: Assalaam aleikum shangazi. Mimi niko Maweni hapa Malindi, nna watoto watatu, na huyu wa kati ana miaka 11 na anaimba. Sisemi kuimba kwa kujaribu, anaimba kweli, na anachoimba ni nyimbo za Kihispania, alianza kuzishika kwa zile tamthilia za Mexico anazotazama bibi yake na siku hizi anazitoa YouTube. Huitia simu ndani ya bilauri ya bati ili mdundo utoke mkubwa, anasimama mlango wa jikoni anaanza, basi hata muuza samaki hutua ndoo yake akasikiliza. Mtaani wengine hudhani ni Kiitaliano. Sasa katokea prodyusa mmoja asema atamtolea albamu nzima, kwanza nilipe shilingi 30,000 za kushikilia studio alafu nisaini karatasi ya miaka 10. Nataka kujua, kuna mtoto wa umri huu alowahi kutoa albamu ya nyimbo hizi ikasimama? Na bibi yake asema mkataa kwao mtumwa, aimbe Kiswahili ama anyamaze. Nishauri. Mama mtu, Malindi.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na hio bilauri ya bati imenikaa kichwani.

Yuko mtoto kama huyo, na pengine mwanao ashamsikia bila kumjua jina. Aitwa Luis Miguel, alizaliwa San Juan, Puerto Rico mwaka 1970 akalelewa Mexico, babake Mhispania na mwimbaji, mamake Muitaliano. Mwaka 1982 kampuni ya EMI ya Mexico ikatoa albamu yake ya kwanza na yeye ana miaka 11 tu, sawa na wako. Iliitwa Un Sol, yaani Jua, na jina likamganda, alipokua wakawa wamwita Jua la Mexico mpaka leo. Mwaka huohuo akatoa ya pili. Alipofika miaka 14 akapata Grammy, ile tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, kwa wimbo alioimba na Sheena Easton wa Scotland, na mwaka huo huo wa 1985 akaenda Italia kwa mashindano ya Sanremo akaimba kwa Kiitaliano akashika namba mbili. Waulize Waitaliano wazee wa hapo Malindi, kuna watakaokumbuka.

Kitu kimoja kwenye hio albamu ya kwanza kinanigusa na nataka ukijue kama mzazi. Wimbo wake ulovuma waitwa 1+1=2 Enamorados, maana yake moja jumlisha moja ni wawili wapendanao. Hesabu ni ya darasa la kwanza, mapenzi ni ya watu wazima. Sauti ni ya mtoto kabisa, nyembamba, safi, na hapohapo yasema mambo ambayo mwenye sauti hajayaishi. Wakati ule kampuni ziliona hio ndio biashara, mtoto mzuri aimbe ya wakubwa. Mimi siipendi hio sehemu na nakwambia wazi. Mwanao akirekodi, aimbe ya umri wake: bahari, mpira, mvua ya masika, mamake. Kwa Kihispania yote hayo yanaimbika.

Na usidhani albamu ya kwanza lazima ivume. Shakira wa Barranquilla kule Colombia alitoa yake ya kwanza, Magia, mwaka 1991 akiwa na miaka 14, na nyimbo zenyewe alianza kuziandika tangu ana miaka 8. Haikuuza kitu. Ya pili pia ikalala, mpaka ile ya tatu ya 1995 ndio watu wakamjua. Alokuwa akiandika mwenyewe alikuwa na kitu cha kurudia, hata soko likikataa. Kwa hivyo mnunulie kijana daftari.

Sasa bibi. Mpe heshima yake lakini mwambie hivi. Sisi watu wa pwani hizo ngoma hatukuziona jana kwa simu. Miaka ya 1930 santuri za Kuba, zile zilizopigwa namba zinazoanza na GV, ziliuzwa sehemu nyingi za Afrika, na hio rumba ikaingia kwa wapiga magitaa wa Kongo, na kwetu huku ikaingia kwenye taarabu, wazee wakapiga mashairi ya Kiswahili juu ya mdundo wa rumba na bolero, zile nyimbo za mapenzi za polepole, bila mtu kuulizwa katoka wapi. Bibi mwenyewe huenda alichezea mdundo huo harusini kwake! Na lugha pia, Mreno alipotia nanga hapo Malindi mwaka 1498, na walokuja nyuma yake, walituachia meza, bendera, leso, na Kireno na Kihispania ni ndugu wa damu, Mexico ukisema mesa na bandera kila mtu kakuelewa.

Tena mtoto wetu anakitamka Kihispania vizuri kuliko mtoto aliyezoea Kiingereza pekee. Irabu zao ni tano kama zetu, a e i o u, zasomwa vilevile, na mkazo aghlabu huwa silabi ya pili kutoka mwisho kama sisi. Ile j yao ni kh ya kheri, ambayo chuoni kashafundishwa na maalim. Ñ ni ny ya nyumba. H haisomwi. Kitakachomsumbua ni rr ya kutetemesha ulimi, afanye mazoezi na neno perro, mbwa, na achunge, manake pero ya r moja ni "lakini".

Haya karatasi. Hapa nakuomba unisikilize kama dadako: usisaini, na pesa usitoe. Miaka 10 yamaanisha akitoka mle ana miaka 21, ndevu zishaota, na sauti alorekodi si yake tena. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 hairuhusu mtoto chini ya miaka 13 kuajiriwa kazi yoyote, na kuanzia 13 hadi 16 ni kazi nyepesi tu isomharibia masomo, kwa hivyo karatasi inayomfanya mwanao mtu wa kazi wa prodyusa hio irudishe ilikotoka. Akiwa anamtaka kweli, aanze na wimbo mmoja. Kwenye mkataba uone imeandikwa masta, yaani ile rekodi yenyewe ya asili, ni ya nani, ni ya miaka mingapi, mtoto anapata asilimia ngapi, na gharama ya studio nani analipa. Mwone wakili kabla ya kalamu, na wimbo ukikamilika uandikishe KECOBO, ile bodi ya haki miliki ya Kenya, kwa jina la mtoto, uwe ushahidi wa haki yake. Hata huyo Luis Miguel alosimamiwa na babake mzazi, walikuja kuachana kikazi. Itakuwaje mtu uliyemjua juzi?

SWALI: Shangazi mimi ni kijana wa miaka 13 wa Langoni, Lamu. Nilikuwa naongoza kasida kwenye maulidi, sasa nikipanda juu sauti yakatika kama kamba, wenzangu wanicheka. Itarudi?

JIBU: Mwanangu, ile ya zamani hairudi, inakuja nyingine. Koo lako linakua, zile nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, kwa hivyo sauti inashuka chini, na kabla haijatulia huruka huku na kule. Huwa yachukua miezi, wengine mwaka na zaidi. Usipige kelele kuilazimisha, kunywa maji, na mwambie mwalimu akushushie, uimbe katikati ambapo haikatiki.

Wanokucheka hawajui tu. Puerto Rico kulikuwa na kundi la wavulana laitwa Menudo, lilianzishwa 1977, na desturi yake ilikuwa ukifika miaka 16 unatoka anaingia mdogo, kwa sababu walitaka sauti na sura za kitoto siku zote. Ricky Martin aliingia mle akiwa na miaka 12. Sauti ilopata umaarufu dunia nzima ni ile alokuja nayo baada ya kutoka, ya mtu mzima. Na yule Luis Miguel nilomtaja hapo juu, ile nyembamba ya Un Sol ilikwisha, na mwaka 1991, sauti ishakuwa ya mtu mzima, akaimba bolero za zamani, na hio albamu ndio wengi wanampendea.

Kwenye maulidi yajayo, waombe wakupe twari upige, na uitikie pamoja na wenzako kwa sauti ya chini.