Silikoni inayobanduka kando ya hodhi la kuogea
Ndugu, unauliza kwa nini silikoni yako mpya, ile gundi laini ya kuziba ufa kati ya hodhi na ukuta, inabanduka: ni kwa sababu umeipaka juu ya ile ya zamani. Silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu, hata uwe fundi wa namna gani. Kwangua yote kwa wembe, futa kwa spiriti, pakauke kabisa. Hodhi likiwa la plastiki, lijaze maji kwanza na uyaache mpaka silikoni ikauke, maana huzama kidogo likibeba uzito na kuuchana mstari wa silikoni. Bandika tepu ya karatasi juu na chini ya ufa, kata ncha ya mrija wa silikoni kwa mshazari, tundu dogo. Jaza silikoni kwenye ufa, pitisha kidole chenye maji ya sabuni mara moja, bandua tepu papo hapo. Usioge hapo saa 24.